Haya ya Wazee na Maradhi ya Haja Ndogo

Katika sifa anazosifiwa mtu wa pwani, haya ni mojawapo ya zile zinazotangulia. Mtoto asiye na haya hulaumiwa, na lawama huwafikia wazazi wake. Na mtu mzima akikosa haya watu husema kwamba hakufunzwa. Sisi walimu hatuna ugomvi na desturi hii. Kila siku twawafundisha watoto kujisitiri, kuchagua maneno, na kutotaja mbele za wakubwa mambo yasiyotajwa. Lakini kila kitu chema kina kiasi chake na mahali pake. Chumvi hukoleza mchuzi, nayo ikizidi mchuzi hauliwi. Basi leo twataka kuuliza swali moja: mtu akificha ugonjwa wake kwa ajili ya haya, hata ukamharibu, je, tumsifu kwa haya yake, au tuseme kwamba kile alichokiita haya kilikuwa kitu kingine?

Swali hili halifai kujibiwa kwa maneno matupu. Kwa hiyo twachukua ugonjwa mmoja ulio wa kawaida sana kwa wanaume wazee, nao hufichwa kuliko karibu yote mengine, yaani shida ya haja ndogo iletwayo na kukua kwa tezi dume. Wasomaji watuwie radhi tukitaja mambo ambayo hayatajwi barazani. Tutayataja kwa adabu, na kwa kuwa yana faida.

Tutazame mtaa wa Mlandege katika mji wa Unguja, upande wa Ng'ambo, karibu na Darajani. Ni mtaa wa biashara; maduka yamebanana, na watu na vyombo hupita tangu asubuhi hata usiku. Mbele ya nyumba nyingi za Ng'ambo pana baraza, na hapo wazee huketi wakazungumza. Sasa mzee mmoja ameanza kuchagua kuketi mwisho wa baraza, karibu na mlango. Kahawa ya jioni, aliyoipenda maisha yake yote, siku hizi aikataa. Akialikwa arusi Bububu au mazishi Makunduchi, husema miguu yamwuma. Na kweli yenyewe ni kwamba aogopa safari ya gari, kwa maana hajui kama atafika bila kubanwa. Usiku huamka mara nne, mara tano, akipapasa ukuta gizani kwenda uani. Mkewe ajua, lakini hasemi. Wanawe waona, lakini hawaulizi. Mzee huyu hafi kwa siku moja. Ila dunia yake hupungua kidogo kidogo, mpaka inakuwa na upana wa njia iendayo chooni.

Mzee huyu hatukumpa jina, kwa kuwa wa namna yake wako katika kila mtaa na kila kijiji. Akiwa Mwislamu, huacha msikiti kwa kuhofia najisi ya matone yanayomponyoka. Akiwa Mkristo, huacha kanisa, au huketi nyuma kabisa, kisha hutoka kabla ya watu kusimama. Na lililo la kusikitisha ni kwamba hata dini haikumtaka afanye hivyo. Wanavyuoni wa Kiislamu walikwisha kuliamua jambo hili tangu zamani, kwamba mtu asiyeweza kuzuia mkojo wake ajisafishe, ajifunge nguo, atawadhe wakati wa sala unapoingia, kisha asali, na sala yake ni sahihi. Kama sheria yenyewe imemwekea njia ya kuingia, ni nani basi aliyemfungia mlango? Ni yeye mwenyewe na ukimya wa watu wake.

Kabla ya kuhukumu, yafaa tujue ugonjwa wenyewe ni kitu gani. Tezi dume ni kiungo alicho nacho kila mwanamume tangu kuzaliwa. Kimekaa chini ya kibofu cha mkojo, nacho kimeuzunguka mrija utokao kibofuni kama pete inavyokizunguka kidole. Kazi yake ni kutoa sehemu ya maji yanayochukua mbegu za uzazi. Kwa kijana, uzito wake ni kama gramu 20. Lakini mtu akiisha kupita miaka 40 hivi, tezi hii huanza kukua tena polepole, nayo yaweza kufika gramu 100 au kuzidi. Madaktari waliochunguza tezi za wanaume wa umri mbalimbali waliona kwamba katika wenye miaka 51 mpaka 60, karibu nusu yao walikuwa na ukuaji huu. Na katika waliopita miaka 80, walikuwa zaidi ya wanane katika kila kumi. Si wote wanaosumbuka, lakini ni wengi. Sababu yake ni umri pamoja na homoni za kiume zilizomo mwilini. Hautoki katika zinaa, wala uchafu, wala laana.

Pete ikikaza, maji hayapiti vema. Mzee husimama akangoja mkojo uanze. Ukiisha kuanza hutoka kwa unyonge, hukatika, huanza tena, na mwisho hudondoka matone hata baada ya kuvaa nguo. Kibofu nacho, kama mpagazi aliyeongezewa mzigo, hujitahidi kusukuma kwa nguvu zaidi. Misuli yake hunenepa, nayo hushtuka hata kwa maji machache. Ndiyo sababu ya kwenda haja mara nyingi na kubanwa kwa ghafula. Lakini mpagazi naye mwisho huchoka. Mkojo hubaki kibofuni, na maji yaliyotuama huharibika. Hapo huja homa ya njia ya mkojo, na pengine mawe ndani ya kibofu. Na ule mzigo ukirudi nyuma hata kuzielemea figo, figo huharibika kimya kimya, bila maumivu makubwa ya kumwonya mtu. Basi msomaji aona kwamba anayeficha hafichi aibu tu, bali huficha moto uliomo ndani ya nyumba.

Sasa tuulize kwa nini mzee huficha. Sababu ya kwanza yahusu jina lake jema. Katika mawazo ya watu wengi, mwanamume akisema kwamba haja ndogo yamsumbua, kinachokumbukwa mara moja ni kisonono. Basi mzee aliyeishi na mkewe kwa uaminifu miaka 40 huogopa asije akadhaniwa mzinzi uzeeni. Jambo hili ni la ajabu: sifa njema aliyoipata kwa kuishi vema ndiyo inayomzuia asitafute msaada! Hapo kosa si lake peke yake. Ni letu sisi tunaosikia nusu ya neno tukalikamilisha kwa dhana mbaya. Kijiji kinachodhania upesi huwafundisha watu wake kunyamaza. Na watu wakiisha kunyamaza, kijiji hujisifu kwamba hakina wagonjwa.

Tena dhana ile yakosea hata kwa elimu. Shida ya mkojo yaweza kuwa na asili nyingi. Yaweza kuwa tezi. Yaweza kuwa kisukari, ambacho humfanya mtu anywe maji mengi na kwenda haja mara nyingi. Yaweza kuwa kichocho, ugonjwa uletwao na vidudu vinavyotoka katika konokono wa maji baridi, nao wajulikana sana Unguja na Pemba kwa kutia damu katika mkojo. Yaweza pia kuwa saratani. Tezi inayokua kwa uzee si saratani, wala haigeuki kuwa saratani; lakini saratani yaweza kuota katika tezi hiyo hiyo, na dalili zikafanana. Mtu aliyejifungia chumbani hawezi kujua ni lipi kati ya haya, wala muuza mizizi wa sokoni hawezi kumwambia kwa kumtazama uso.

Hatusemi hivi kwa kudharau miti. Uko mti wa misitu ya milima ya Afrika, ambao hata Kilimanjaro waota. Wataalamu huuita Prunus africana. Gome lake limetumiwa Ulaya kwa miaka mingi kutengeneza dawa ya tezi dume, hata mti ukaanza kuadimika, na tangu 1995 biashara yake kati ya nchi na nchi imewekewa masharti. Watu wengine hupata nafuu kidogo kwa dawa hiyo. Lakini nafuu si uchunguzi. Anayekunywa dawa asiyoijua, kwa ugonjwa asioujua, aweza kustarehe wakati figo zake zaharibika.

Sababu ya pili ni uanaume. Wanaume wengi wamesikia kwamba daktari hupima tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, nao husema, afadhali kufa. Tuseme kweli: kipimo hicho kipo, kwa kuwa tezi imepakana na mahali hapo, na kidole huweza kutambua ukubwa wake na ugumu usio wa kawaida. Daktari huvaa glavu, hufunga mlango, na kazi haichukui hata dakika moja. Tena si kipimo cha pekee. Kuna maswali, kuna kupima mkojo, kuna kupima damu ili kujua hali ya figo na ya tezi, na kuna mashine ya altrasaundi ambayo huonyesha mkojo uliobaki kibofuni. Lakini hata kama kingekuwa cha pekee, tungeuliza: mama zetu na wake zetu, walipotuzaa na kutuzalia, je, hawakuchunguzwa? Ni nani aliyesema kwamba mwanamke aliyejifungua mbele ya mkunga amepoteza stahi yake? Twamsifu kwa ushujaa. Basi heshima gani hii ya mwanamume, iliyo nyepesi hata ikavunjwa na dakika moja ya daktari, hali ya mwanamke imestahimili saa nyingi za uchungu na bado ikasimama?

Sababu ya tatu ndiyo iliyo nzuri kuliko zote kwa kusikia, na kwa hiyo ndiyo inayodanganya zaidi. Mzee husema, "Huu ni uzee tu, yampasa mtu kusubiri." Subira ni fadhila kubwa, wala hatuthubutu kuitoa thamani. Lakini subira ni ya mambo yasiyo na dawa. Babu zetu waliopatwa na shida hii walisubiri, na subira yao ilikuwa ya kweli, maana hawakuwa na njia nyingine. Hata Ulaya, zamani wazee wengi waliishi kwa kujitia mirija ya kutolea mkojo, na wengi wakafa kwa uchafu ulioingia pamoja na mrija. Mwaka 1901 ndipo daktari Peter Freyer wa London, aliyekuwa amefanya kazi India miaka mingi, alipoeleza katika gazeti la madaktari jinsi alivyowapasua wazee na kuitoa tezi iliyokua kwa kupitia kibofuni. Tangu hapo njia zimeongezeka. Kuna dawa kama tamsulosini, ambayo hulegeza misuli ya shingo ya kibofu na ya tezi, nayo huleta nafuu katika siku au majuma machache. Anayeitumia ainuke kitandani polepole, kwa kuwa yaweza kumtia kizunguzungu. Kuna finasteridi, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1992, ambayo hupunguza tezi yenyewe, lakini yataka miezi kama sita kabla ya kuhukumiwa. Na kuna upasuaji unaofanywa kwa kupitisha chombo katika njia ya mkojo, bila kuchana tumbo. Na tezi iliyo kubwa mno huweza kutolewa kwa kupasua. Dawa na upasuaji vina madhara yake, na mengine yahusu mambo ya ndoa. Mgonjwa ana haki ya kuyauliza yote kabla hajakubali.

Basi tendo lile lile hubadilika jina wakati unapobadilika. Aliyekaa kimya zamani alisubiri; anayekaa kimya leo, hali hospitali i wazi, hasubiri bali ameacha. Hatuwezi kumwita mvumilivu mtu mwenye kiu anayeketi kando ya kisima akikataa kuteka. Na wahenga walikwisha kutuonya kwamba mficha maradhi kifo humwumbua.

Hapo msomaji pengine atatujibu: "Mwataka wazee waseme siri za miili yao mbele ya watoto na wakwe? Hiyo ndiyo adabu mnayofundisha shuleni?" Swali hili ni la haki, na jibu lake ndilo kiini cha maneno yetu. Hatutaki haya iondoke. Twataka ifanye kazi yake. Haya ya kweli huchagua wa kumwambia. Haya ya uongo haimwambii mtu. Ile ya kwanza ni nguo, humsitiri mtu naye akaenda aendako. Ile ya pili ni kifungo, humzuia asiende popote.

Tutoe mifano ya watu waliojulikana ulimwenguni. Mwezi wa Aprili 1964, Charles de Gaulle, rais wa Ufaransa, akiwa na miaka 73, alipasuliwa tezi dume katika hospitali ya Cochin mjini Paris. Alilificha jambo hili, hata watu wachache sana walijua mpaka upasuaji ulipokwisha. Wengine watasema alikosea kuwaficha raia wake. Lakini tazameni kwamba hakumficha daktari. Aliichunga siri yake, na hapo hapo akautunza mwili wake.

Mwaka 1985 Nelson Mandela, mfungwa mwenye miaka 67, alitolewa katika gereza la Pollsmoor akapelekwa hospitali ya Volks mjini Cape Town, naye akapasuliwa kwa ugonjwa huo huo wa tezi iliyokua. Huko hospitalini ndiko waziri wa sheria, Kobie Coetsee, alikokwenda kumtazama. Na Mandela aliporudishwa gerezani akatengwa na wenzake, aliutumia upweke ule kuanzisha mazungumzo na serikali. Alitoka kifungoni 1990, akawa rais 1994, akaishi mpaka 2013. Naye mwenyewe aliiandika habari ya upasuaji huu katika kitabu cha maisha yake, bila kuona kwamba yampunguzia kitu. Ni nani leo amwonaye mdogo kwa sababu hiyo?

Na kwetu Tanzania, Novemba 2014, rais Jakaya Kikwete alipasuliwa tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore, Marekani, akiwa na miaka 64. Ikulu ilitangaza kwa wazi kiungo kilichopasuliwa na mahali palipofanywa kazi hiyo. Kadhalika Januari 2024 ilitangazwa kwamba Charles, mfalme wa Uingereza, atatibiwa tezi iliyokua. Na mara Waingereza wengi sana wakaanza kutafuta maelezo ya ugonjwa huu, wanaume ambao hapana shaka wengine wao walikuwa wamenyamaza miaka mingi.

Watu hawa walichagua kwa njia mbalimbali. Mmoja alimwambia daktari tu. Wengine waliwaambia na watu wa nchi zao. Mzee wa Mlandege hana wajibu wa kuutangazia mtaa. Hana wajibu hata wa kuwaambia watoto wake wote. Lakini lipo jambo moja ambalo wote hawa walilifanya, mkubwa na mfungwa, aliyeficha na aliyetangaza: walimwambia yule awezaye kusaidia. Chini ya hapo hakuna haya. Kuna hofu iliyovaa kanzu ya haya.

Sasa tugeukie upande wa pili, maana hatupendi kuwahukumu wazee na kuwaacha vijana. Wasomaji wakumbuka habari ya Nuhu na wanawe watatu. Mmoja aliuona uchi wa baba yake akaenda kuwasimulia ndugu zake. Wale wawili waliingia kinyumenyume na nguo wakamfunika. Sisi huwasifu wawili hawa kwa kuwa hawakutazama. Lakini tusisahau kwamba waliingia. Hawakuketi nje wakisema, "Sisi hatukuona kitu." Heshima yao ilikuwa na miguu na mikono. Basi mtoto amsikiaye baba yake akiamka mara tano kila usiku, naye akanyamaza miaka mitatu, asijidhanie kwamba amemheshimu. Huenda amejiheshimu mwenyewe, asipate taabu ya neno zito.

Neno hilo lasemwa kwa upole, tena faraghani. Binti hatamwuliza baba yake. Lakini aweza kumwambia mama, au kaka, au ami. Mjukuu wa kiume aweza kusema, "Shikamoo, babu. Naona siku hizi hulali vema usiku. Kesho nakwenda mjini. Twende pamoja tukaonane na daktari, nami nitakungoja nje." Katika maneno hayo hakuna aibu iliyotajwa, na yote yameeleweka. Ami aliyekwisha kutibiwa aweza kufanya zaidi, kwa kusema kwa ndugu yake, "Hata mimi lilinipata." Maneno hayo matatu yana nguvu kuliko mahubiri yetu haya yote.

Yako pia mambo madogo ya nyumbani yanayopunguza taabu. Mgonjwa apunguze vinywaji saa mbili kabla ya kulala, lakini asijinyime maji mchana kutwa, maana mkojo mzito huwasha kibofu. Chai kali, kahawa na pombe huzidisha haja, hasa jioni. Aende haja kabla ya kulala na kabla ya safari, asifanye haraka. Akiisha, angoje kidogo kisha ajaribu tena, ili kibofu kimwage kilichobaki. Ale matunda na mboga asifunge choo, kwa kuwa choo kigumu huisukuma njia ya mkojo. Ajihadhari na dawa za mafua anunuazo dukani, kwani baadhi yake huweza kuufunga mkojo kabisa kwa mwenye tezi kubwa. Anayetumia dawa za presha zinazokojosha amwulize daktari saa iliyo bora ya kuzimeza, wala asiziache kwa shauri lake mwenyewe. Na watu wa nyumbani wamwachie taa ikiwaka njiani, au wamwekee kopo karibu na kitanda, maana wazee wengi huanguka na kuvunjika usiku wakiharakisha kwenda uani. Kumwekea mzee kopo bila kusema neno ni adabu iliyo njema sana.

Lakini ziko dalili zisizotaka kungoja hata siku moja. Mkojo ukizuilika kabisa na tumbo la chini likajaa kwa maumivu, mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile. Huko watampitishia mpira wa mkojo, naye atapata raha upesi. Kadhalika akiona damu katika mkojo, au akipata homa na kutetemeka pamoja na maumivu ya kiuno, au mzee akianza kujikojolea usingizini bila kujua, jambo ambalo laweza kuwa ni kibofu kilichojaa na kufurika. Wanaokaa mashamba waanze na kituo cha afya kilicho karibu nao.

Na mzee wa Mlandege ana safari fupi. Kutoka mtaani kwake mpaka hospitali ya Mnazi Mmoja mtu huenda kwa miguu chini ya nusu saa, akishika barabara ya Benjamin Mkapa itokayo Darajani. Mahali ilipopita barabara hiyo zamani palikuwa na hori la bahari, lililotenganisha mji wa mawe na Ng'ambo; maji yakijaa, watu walivuka kwa daraja. Hori lile lilikwisha kufukiwa, na leo watu hupita pakavu. Kilichobaki ni kukifukia kile kilichomo mioyoni, nacho hakifukiwi na serikali wala na wahandisi. Hufukiwa na mzee anayethubutu kusema neno moja kwa mtu mmoja anayefaa, na vijana wanaojua kulisikia neno hilo bila kucheka.